Mbunge kaleta bati 120 za zahanati yetu: hela ni za nani, na hii ndiyo kazi tuliyomtuma?

#1 Mwana wa Uwele
Wakuu habari. Mbukwenyi kwa wa nyumbani.

Niko kwenye moja ya majimbo ya vijijini hapa mkoani Dodoma. Sitalitaja, maana nia si kumshambulia mtu. Mbunge wetu ni mpya, kaapishwa Novemba 2025. Toka hapo, kwa macho yangu, kaleta bati 120 za kuezekea zahanati ambayo boma lake limesimama kwenye lenta miaka na miaka. Kawakatia CHF, ile bima ya afya ya jamii, wazee wasiojiweza wa kitongoji chetu. Watoto kadhaa waliofaulu kwenda kidato cha kwanza kawanunulia mahitaji. Jezi na mipira msiniulize, hivyo vimefika kila kata. Na bungeni kauliza kuhusu kisima chetu, pampu imekufa na kina mama wamerudi kuchimba visima vya mchanga korongoni.

Tatizo limeanzia kwenye bati. Siku ya kukabidhi alisema ni mapenzi yake kwetu. Wiki iliyofuata diwani akasimama kwenye mkutano wa kijiji akasema bati ni za mfuko wa jimbo. Mtendaji wa kijiji kaulizwa, kakaa kimya. Wazee wanasema mvua ikinyesha huulizi wingu limetoka wapi, unapanda. Mimi naona kuuliza ni haki yetu. Hela ni za nani? Na mbunge tumemtuma afanye haya, au tumemtuma kitu kingine?

#2 Fundi Lenta
Mkuu kabla ya hela tuongelee boma. Tofali ni za kuchoma au za saruji? Boma lililokaa misimu kadhaa bila paa usikimbilie kupaua. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, ila ikija inapiga kweli, na inaanza kula kozi za juu chini ya lenta. Nimeshaitwa kuezeka darasa, tunapandisha kenchi ya pili tukaona ukuta unafunguka. Ikabidi tushushe kila kitu. Na hizo bati ni geji ngapi? Geji 28 inavumilia upepo wa huku. Geji 32 utaenda kuziokota kwenye mashamba ya watu.

#3 Mhasibu Mkimya
Jibu la swali lako lipo kwenye sheria. Kuna Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009. Kila jimbo linapata fungu kila mwaka kutoka Serikali kuu. Asilimia 25 inagawanywa sawa kwa majimbo yote. Inayobaki inaangalia idadi ya watu asilimia 45, umaskini asilimia 20 na ukubwa wa eneo asilimia 10. Fedha inakaa kwenye akaunti ya halmashauri, haipiti mkononi kwa mbunge. Yeye ni mwenyekiti wa kamati, Afisa Mipango ndiye katibu, na ndani wapo madiwani na watendaji wa kata.

Kwa hiyo bati za kumalizia boma la wananchi, kwa asilimia kubwa ni mfuko. Diwani yuko sahihi.

#4 Binti Zabibu
Mhasibu umeeleza vizuri, lakini "kwa asilimia kubwa" siyo ushahidi. Kuna wabunge wanatoa mfukoni kabisa. Wa kwetu alimtoa shangazi yangu hospitali akiwa na deni la upasuaji, usiku, hakuna kamera wala diwani. Ile haikuwa kamati ya mfuko. Sasa mtu wa namna hiyo akisema bati ni mapenzi yake mimi siwezi kumkatalia kwa sababu tu kuna sheria ya 2009.

#5 Nanenane
Nakaa hapa nasoma. Huu uzi utafika mbali.

#6 Jembe la Mkono
Wote mnaacha jambo kubwa. Bajeti za halmashauri zina fungu la kumalizia maboma, ya zahanati na ya madarasa. Hela inatoka Serikali kuu au mapato ya ndani. Bati zinanunuliwa na mkurugenzi, mbunge anaalikwa kukabidhi tu kwa sababu yeye ndiye mgeni rasmi. Nimeshuhudia hilo kwenye kata yetu. Aliyesaini ni mkurugenzi, aliyepigiwa makofi ni mwingine.

#7 Mwalimu Mstaafu
Nawasalimu wanangu.

Mwana wa Uwele, swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza na naona watu wanaliruka. Ibara ya 63 ya Katiba imeeleza kazi ya Bunge: kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kuuliza mawaziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kutunga sheria. Hakuna pahala palipoandikwa bati. Na Ibara ya 99 inamzuia mbunge kupeleka hoja ya kuongeza kodi au matumizi ya Serikali mpaka Rais aipendekeze kupitia Waziri. Kwa hiyo huyu mtu tunayemwambia "tuletee zahanati", kikatiba hana uwezo wa kuamuru hata shilingi moja ije. Anaweza kuomba, kuuliza, kubana, na kukataa bajeti. Na akikataa bajeti Bunge zima likamfuata, Ibara ya 90 inampa Rais nguvu ya kulivunja.

Ndiyo maana wengi wao wanaona bora jezi. Jezi inaonekana.

#8 Mchunga Mbuzi
Shikamoo mwalimu. Naomba nikupinge kidogo. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Pale ndani ana sauti, na mkurugenzi anamwogopa kuliko anavyomwogopa diwani. Akisimama kwenye baraza akasema boma la kijiji fulani liingie kwenye mpango wa mwaka huu, linaingia. Kwa hiyo kuleta zahanati anaweza, tena bila kutoa hata mia.

#9 Dereva wa Fuso
Wakuu, huu mzigo kama ni ule ninaoufikiria, mimi ndiye niliyeubeba. Sitataja duka. Risiti ya mashine iliyokuwa kwenye bahasha ilikuwa na jina la halmashauri. Niliisoma kwa sababu trafiki walinisimamisha nikawaonyesha. Zilikuwa bati za rangi ya udongo pamoja na misumari na kofia. Niliteremsha shule ya msingi, kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko. Mwana wa Uwele thibitisha.

#10 Mwana wa Uwele
Mkuu Dereva ni hapo hapo! Stoo nyuma ya jiko, rangi ya udongo. Ahsante sana.

Fundi Lenta, tofali ni za kuchoma, tulichoma wenyewe, kila kaya ilitoa nguvu kazi. Geji nitaangalia kesho.

#11 Mhasibu Mkimya
Risiti ya halmashauri. Tumemaliza. Mfuko wa jimbo unanunua kwa jina la halmashauri.

#12 Jembe la Mkono
Hujamaliza, mkuu. Na mapato ya ndani nayo yananunua kwa jina hilo hilo. Na fedha za Serikali kuu pia. Risiti inaonyesha aliyenunua, haionyeshi ni kifungu kipi kimekatwa.

#13 Binti Zabibu
Na mbunge akichanga hela yake akaipitisha halmashauri ili manunuzi yafanyike kwa utaratibu? Hilo nalo lipo.

#14 Dereva wa Fuso
Mimi nimesema nilichosoma. Ya vifungu nawaachia nyie wa maofisini. Ila barabara ya kuingia huko, TARURA, wale wa barabara za vijijini na mijini, wapitishe greda jamani, springi iliniuma mgongoni wiki nzima.

#15 Kisima Kirefu
Tuache bati. Huyo mbunge kauliza bungeni kuhusu kisima. Hiyo ndiyo kazi. Swali la msingi likijibiwa anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo unampima mbunge. Wa kwangu aliuliza mradi wa maji, Naibu Waziri akajibu usanifu unaendelea. Kwenye la nyongeza mbunge akasimama akashukuru. Tukabaki tunatazamana. Angeuliza tu: usanifu unakamilika lini na fedha imetengwa mwaka gani?

Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, zipo kwenye tovuti ya Bunge, mtu yeyote anasoma. Tafuta jina lake, soma alivyouliza na alivyojibiwa, kisha mlete hapa.

#16 Mwana wa Uwele
Nimesoma. Jibu lilikuwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, watafanya tathmini ya pampu. Kwenye la nyongeza aliuliza tathmini itaisha lini, akaambiwa ndani ya robo hii ya mwaka. Kwa kweli alibana.

#17 Kisima Kirefu
Basi huyo mshikeni. Hiyo "robo hii ya mwaka" imeandikwa, haifutiki. Ikipita bila tathmini, chukueni ukurasa huo mpelekeeni meneja wa RUWASA wa wilaya. Halafu ulizeni chombo chenu cha watumia maji kilikuwa kinakusanya shilingi ngapi kwa ndoo na ziko wapi. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 matengenezo madogo ni ya chombo hicho. Pampu nyingi huku zinakufa kwa sababu maji yana chumvi inakula mabomba, na mfuko wa matengenezo hauna kitu.

#18 Bi Mlenda
Naomba nirudi kwenye watoto wa kidato cha kwanza. Kijijini kwetu mbunge alitangaza kalipa "ada" ya watoto ishirini. Watu wakalia kwa furaha. Sekondari za serikali hazina ada toka 2016 kwa kidato cha 1 hadi cha 4, na cha 5 na 6 zikafutwa 2022. Alichonunua ni godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu za karatasi, sare. Ni msaada mkubwa, wallahi, mimi mwanangu nilimkopea godoro kwa jirani. Lakini tuseme jina lake sahihi, maana mzazi akiamini ada inalipwa na mbunge, siku mbunge asipokuwepo anamwacha mtoto nyumbani. Nimeona hilo likitokea kwa mtoto wa kike aliyefaulu vizuri kabisa.

#19 Mwana wa Uwele
Dada Mlenda, wa kwetu naye alisema "mahitaji", siyo ada. Hapo nampa haki yake.

#20 Kijana wa Nzuguni
Na mikopo ya asilimia 10 je? Mbunge wetu anasema kaleta mikopo ya vijana.

#21 Mhasibu Mkimya
Hajaleta. Ile ni sheria: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Serikali iliisitisha 2023, ikarudi 2024. Mbunge anaweza kuwasaidia kuandika andiko na kusajili kikundi. Kuileta hapana.

#22 Kijana wa Nzuguni
Nimekupata. Sisi andiko letu la kuku limekaa kwa afisa maendeleo tangu masika. Kama kuna mtu anajua wanachoangalia aseme.

#23 Bi Mlenda
Njoo pembeni nikutumie la kwetu, lilipita. Usiandike kuku 1,000 huna hata banda.

#24 Nanenane
Ila wakuu tuseme ukweli, watu wetu wa kanda ya kati tumezidi kuomba. Ndiyo maana nchi nzima inatuita ombaomba. Mbunge akishuka kwenye gari tu mikono juu.

#25 Mwalimu Mstaafu
Hapana mwanangu Nanenane. Neno hilo tumelisikia tukiwa shuleni na tumelisikia tukiwa walimu, lisirudiwe na mtoto wa hapa.

Ugogo ni nchi kame na watu wake wameishi humo kwa akili nyingi: ng'ombe wanagawanywa kwa ndugu wa mbali ili ukame ukipiga pahala pamoja usimalize mali yote, uwele na mtama vinapandwa kwa sababu vinavumilia jua. Kilichovunja watu ni njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Majeshi ya Vita Kuu yalipita hapa, ya Wajerumani na ya Waingereza, yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosa. Babu yangu alizaliwa humo. Watu walitoka kwenda kutafuta chakula ugenini kwa sababu chao kilichukuliwa.

Anayedai zahanati kwa mtu aliyemchagua haombi. Amelipa kodi, amechoma tofali, amesimama kwenye foleni ya kura.

#26 Mchunga Mbuzi
Mwalimu, heshima yako.

#27 Nanenane
Ahsante mwalimu, hiyo ya Mtunya sikuwahi kufundishwa. Shikamoo.

#28 Mzee wa Takrima
Marahaba wote. Niwakumbushe na hili, maana vijana hamkuwepo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kutoa "takrima", yaani ukarimu wa kimila: pombe, pilau, khanga, chochote. Mahakama Kuu ikaifuta 2006 kwamba ni kinyume cha Katiba. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Mimi naona takrima haikufa, ilihamia baada ya uchaguzi. Zamani ulipewa kabla ya kura, sasa unapewa miaka mitano mfululizo, na wanaopewa kwanza ni wale wanaopiga kura za maoni ndani ya chama. Angalieni jezi zinaanzia tawi gani.

#29 Binti Zabibu
Mzee wangu, na shangazi yangu je? Hajawahi kuwa mjumbe wa kitu chochote. Msifanye kila wema kuwa kampeni.

#30 Mzee wa Takrima
Shangazi yako namwombea heri, binti yangu. Nimezungumzia jezi.

#31 Mwana wa Uwele
Wakuu nimerudi, na mambo yamekuwa makubwa.

Leo nimeenda stoo na mwenyekiti wa kijiji. Fundi Lenta, ni geji 28, imepigwa mhuri pembeni. Bati ziko kwenye mafungu. Mafungu mengi yameandikwa kwa chaki "M/JIMBO". Lakini mafungu mawili yameandikwa jina la kijiji kingine cha kata ya jirani, likakatwa kwa mstari, juu yake pakaandikwa jina letu. Chaki ni nyeupe kwa zote ila mwandiko ni tofauti. Mwenyekiti alivyoona alitoka nje akakaa kwenye gogo.

#32 Mhasibu Mkimya
M/JIMBO. Nilisema.

#33 Jembe la Mkono
Chaki siyo kumbukumbu ya hesabu mkuu. Hata mlinzi wa stoo ana chaki. Na hayo mafungu mawili unayaelezaje?

#34 Pembe la Ng'ombe
Jamani nimejiunga leo kwa ajili ya bandiko namba 31. Kijiji hicho kilichokatwa jina, kama ni ninachofikiria, ni kijiji chetu. Sisi tuna boma la nyumba ya mganga. Tuliambiwa bati zetu zimechelewa kiwandani. Mwezi wa pili sasa tunasubiri. Mwana wa Uwele, jina linaanzia na herufi gani?

#35 Mwana wa Uwele
Nimekujibu pembeni, mkuu. Hapa hadharani tusiandike.

#36 Pembe la Ng'ombe
Nimepata. Ni sisi.

#37 Mchunga Mbuzi
Tulieni kwanza. Inawezekana halmashauri iliazima. Boma lenu lilikuwa halijafika lenta, la wenzenu limefika, wakaona bati zisikae bure. Hilo linafanyika na linaruhusiwa mkiambiwa.

#38 Pembe la Ng'ombe
Boma letu lilifika lenta kabla ya Krismasi. Na hatukuambiwa.

#39 Mzee wa Takrima
Kata ipi ilimpa mbunge kura nyingi? Naulizia tu ramani.

#40 Pembe la Ng'ombe
Mzee, kwetu alishindwa kwenye kura za maoni. Lakini sitaki kuamini kwamba ndiyo hivyo. Alikuja kwenye msiba wa mwenyekiti wetu akalala kijijini, hakurudi mjini. Mtu wa roho mbaya hafanyi hivyo.

#41 Mhasibu Mkimya
Njia ni moja. Kamati ya mfuko ina mihtasari ya vikao. Katibu wake ni Afisa Mipango. Muhtasari utaonyesha mradi gani uliidhinishwa, kijiji gani, kiasi gani. Mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa serikali ya kijiji waandike barua, wagonge mhuri, wabaki na nakala iliyosainiwa mapokezi. Vijiji viwili mwende pamoja, msiende kila mtu na lake.

#42 Jembe la Mkono
Kwa hilo nakubaliana na Mhasibu, ingawa naamini mtakuta siyo mfuko, ni fungu la maboma. Ombeni na mpango wa bajeti wa halmashauri wa mwaka huu, kifungu cha afya.

#43 Bi Mlenda
Na mkiwa huko ulizeni la muhimu: watumishi. Zahanati ya kijiji cha mama yangu imeezekwa, imepakwa rangi, ikafunguliwa, muuguzi ni mmoja. Akienda kuchukua dawa wilayani mlango unafungwa. Mjamzito alijifungulia kwenye bodaboda nje ya zahanati yenye bati mpya. Kibali cha ajira hakitoki kwenye mfuko wa jimbo, hakitoki mfukoni kwa mtu, kinatoka Serikalini. Hapo ndipo ninapotaka kusikia sauti ya mbunge, kwenye bajeti ya TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa) na ya Utumishi.

#44 Kisima Kirefu
Dada Mlenda umeandika kitu. Bunge la bajeti ni Aprili hadi Juni, na liko hapa hapa mjini. Watu wa Mtwara wanasafiri siku nzima kumfuata mbunge wao Dodoma, sisi tunapanda Noah. Nendeni ofisini kwake kabla wizara hizo hazijasomwa, mkiwa na takwimu zenu: vijiji vingapi, wauguzi wangapi.

#45 Mwana wa Uwele
Mkuu Pembe, mwenyekiti wetu amekubali barua ya pamoja. Anaogopa kidogo, anasema mbunge ataona hatuna shukrani. Nimemwambia tuanze barua kwa kumshukuru kuhusu kisima, maana kwenye lile swali alitutetea kweli, kisha tuulize kuhusu mafungu mawili.

#46 Pembe la Ng'ombe
Sawa. Ila isiandikwe kwamba bati "zimeibwa". Wa kwetu wana hasira, nimewaambia wasubiri muhtasari.

#47 Binti Zabibu
Na mkikuta ni hela yake mwenyewe?

#48 Jembe la Mkono
Basi jina la kijiji cha jirani lilifikaje pale?

#49 Fundi Lenta
Mnapobishana, hizo bati zisilale chini kwenye sakafu yenye unyevu. Wekeni magogo, zisimamisheni kwa ubavu, mtoe karatasi za katikati. Geji 28 ikipata kutu ikiwa stoo hamtapata nyingine, iwe ya mbunge, ya mfuko au ya jirani.